Akiba ya mafuta ya ndege si mahali pa kutafutia faida

Kila msimu wa mvua malalamiko ni yale yale. Mwenye duka Kariakoo anasema bidhaa alizomtumia mteja wake Mwanza zimeachwa uwanjani Dar es Salaam. Msafirishaji wa minofu ya sangara naye anasema katoni zake zimebaki Mwanza, barafu inayeyuka na mnunuzi anapiga simu. Wote wawili wanapouliza sababu hupewa jibu moja fupi: leo ndege imebeba mafuta mengi, hali ya hewa ya huko mbele si nzuri.

Jibu hilo linamkera mfanyabiashara. Kwa hesabu yake safari ni ile ile ya jana, ndege ni ile ile, na nauli ya mzigo amelipa ile ile. Iweje leo mafuta yachukue nafasi ya mzigo wake? Wapo wanaoamini kwamba ni uvivu wa wapakiaji, na wapo wanaoamini kwamba kuna mkubwa fulani ambaye mzigo wake umepandishwa badala ya wao.

Wiki hii ukurasa huu unaweka kando kidogo bei za nafaka na za hisa ili tulitazame jambo hili. Msimamo wetu tunausema mapema. Mafuta ya akiba ni gharama halali ya biashara ya anga, kama ilivyo kodi ya ghala au bima ya gari la mizigo. Shirika linalopunguza akiba hiyo ili lionyeshe faida linaweka rehani roho za watu, na siku ya kudaiwa mwanahisa na mteja hulipa pamoja. Hata hivyo si kila mafuta yanayobebwa ni ya akiba. Mfanyabiashara anayejua tofauti hiyo atajua lini anyamaze na lini adai haki yake.

Kuruka kwa vyombo

Rubani huruka kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuruka kwa macho, ambapo anaona ardhi, milima na ndege nyingine, na akiliona wingu baya mbele anageuka. Ya pili ni kuruka kwa vyombo. Hapo rubani huongozwa na vyombo vilivyo mbele yake, redio, na maelekezo ya waongoza ndege walio chini, hata kama nje haoni kitu. Karibu ndege zote za abiria zenye ratiba husafiri kwa kanuni hizi za pili, hata siku ya jua kali.

Faida yake ni kwamba safari haikwami kwa sababu ya wingu. Hatari yake ni kwamba ndege inaweza kufika juu ya uwanja, ikashuka hadi kimo cha mwisho kinachoruhusiwa, na rubani asiione njia ya kutulia. Sheria inamtaka apande tena. Swali linalofuata ni moja tu: akishapanda ana mafuta ya kwenda wapi, na akifika huko atabaki na kiasi gani?

Kanuni zote za mafuta ya ndege zimejengwa juu ya swali hilo. Zimewekwa katika Kiambatisho cha 6 cha Mkataba wa Chicago wa 1944, ambao ndio ulioanzisha ICAO, shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa anga. Nchi wanachama, zikiwemo zetu za Afrika Mashariki, hutunga kanuni zao kwa kufuata kiambatisho hicho.

Mafungu ya tankini

Mfanyabiashara anayetunza daftari vizuri hachanganyi fedha za mtaji, za kodi na za matumizi ya nyumbani. Mafuta ya ndege nayo hugawanywa kwa mafungu kabla ndege haijaondoka, na kila fungu lina kazi yake.

Fungu la kwanza ni la kuwasha injini na kutembea ardhini hadi mwanzo wa njia ya kurukia. Fungu la pili ni la safari yenyewe, kuanzia kuruka hadi kutua. Fungu la tatu ni la tahadhari, kwa ajili ya upepo uliobadilika au njia iliyorefushwa na waongoza ndege. Kiwango cha kawaida ni asilimia 5 ya mafuta ya safari, na yasipungue yale ya kuzunguka dakika tano katika kimo cha futi 1,500 juu ya uwanja.

Fungu la nne ni la uwanja mbadala, yaani mafuta ya kupanda kutoka uwanja ulioshindikana, kwenda uwanja mwingine uliotajwa kwenye mpango wa safari, na kutua huko. Kama utabiri unaonyesha kwamba uwanja unaokwenda utakuwa chini ya viwango vya kutua, au kama hakuna taarifa za hali ya hewa kabisa, unatakiwa utaje viwanja mbadala viwili.

Fungu la tano ndilo akiba ya mwisho. Kwa ndege za turbini, ziwe za jeti au za pangaboi, ni mafuta ya kukaa hewani dakika 30. Kwa ndege ndogo za injini za pistoni ni dakika 45. Fungu hili halipangiwi matumizi. Ndege inatakiwa itue likiwa bado limo tankini.

Zaidi ya hayo, safari ndefu huwa na nyongeza kwa ajili ya injini kuzima au hewa ya ndani kupungua njiani, na rubani ana hiari ya kuongeza kiasi anachoona kinafaa. Kwa uwanja wa mbali usio na jirani, kama kisiwa katikati ya bahari, ndege ya turbini hubeba mafuta ya saa mbili za ziada badala ya mafuta ya uwanja mbadala, na akiba ya mwisho inahesabiwa humo.

Wamarekani katika kanuni zao za jumla za urukaji hufuata msingi huo huo. Anayeruka kwa vyombo abebe mafuta ya kufika anakokwenda, kisha ya kwenda uwanja mbadala, kisha ya dakika 45 kwa mwendo wa kawaida. Anasamehewa uwanja mbadala pale tu utabiri unaposema kwamba kuanzia saa 1 kabla ya kufika hadi saa 1 baada ya kufika, mawingu yatakuwa juu ya futi 2,000 na umbali wa kuona hautapungua maili 3. Marubani huikariri kwa tarakimu: moja, mbili, tatu.

Ijulikane pia kwamba uwanja mbadala si kwa ajili ya mvua peke yake. Tarehe 7 Agosti 2013 moto uliteketeza jengo la abiria katika uwanja wa Jomo Kenyatta, Nairobi. Ndege zilizokuwa njiani zikaelekezwa Mombasa na kwingineko. Utabiri wa hali ya hewa haukuweza kulionyesha jambo hilo. Waliokuwa na mafungu yao kamili walibadili njia, wakatua, na abiria wakalalamikia kuchelewa tu.

Hesabu ya Dar na Mwanza

Tuchukue mfano wa kukadiria. Kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza ni kama kilometa 850 kwa mstari ulionyooka. Tuseme ndege ya pangaboi ya abiria 70 inatumia kilo 1,300 za mafuta kwa safari hiyo. Kutembea ardhini tuweke kilo 20. Tahadhari ya asilimia 5 ni kilo 65. Uwanja mbadala uwe Entebbe, ng'ambo ya ziwa, kama kilometa 280 kutoka Mwanza: tuweke kilo 450. Akiba ya mwisho ya dakika 30 tuweke kilo 300. Jumla ni kilo 2,135.

Sasa tazama. Mafuta yatakayotumika mambo yakienda sawa ni kilo 1,320. Kilo 815 zilizobaki zinasafiri kutoka Dar hadi Mwanza bila kuchomwa. Ni sawa na katoni 40 za kilo 20, na bado zinabaki kilo 15. Hapo ndipo mfanyabiashara anaposhika kichwa.

Hali ikibadilika hesabu nayo inabadilika. Tuseme utabiri wa jioni unaonyesha radi ziwani, Mwanza na Entebbe zote zina mashaka. Mpangaji wa safari atachagua Kilimanjaro, ambako ni karibu kilometa 470 kutoka Mwanza. Fungu la uwanja mbadala linaweza kupanda kutoka kilo 450 hadi 700. Kilo 250 zimeongezeka wakati ndege ina kikomo cha uzito wa kuruka na kikomo cha uzito wa kutua, na abiria wote wameshakata tiketi. Kitakachoachwa ni mzigo.

Kwa safari ya kutoka Mwanza mambo ni magumu zaidi kidogo, kwa sababu uwanja ule uko juu ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari. Hewa ya juu ni nyepesi, na joto la mchana huifanya kuwa nyepesi zaidi, kwa hiyo uzito ambao ndege inaweza kuruka nao unaweza kushuka. Nairobi, ambayo iko juu ya mita 1,600, ina tatizo hilo hilo, na wauza maua wanalifahamu.

Kwa hiyo safari ya leo si ile ya jana, ingawa miji ni ile ile. Aliyeacha katoni zako ili abebe mafuta ya kufika Kilimanjaro hakukudhulumu.

Waliogusa akiba

Tunaweza kusema yote haya ni nadharia. Kumbukumbu za ajali zinasema vinginevyo.

Tarehe 28 Novemba 2016 ndege ya kukodi ya kampuni ya LaMia iliondoka Santa Cruz, Bolivia, kwenda Medellín, Colombia. Ilikuwa imebeba timu ya mpira ya Chapecoense ya Brazil, waliokuwa wakienda kucheza fainali ya kombe la Copa Sudamericana. Kwenye mpango wa safari muda wa kufika uliandikwa saa 4 na dakika 22. Muda ambao mafuta yangeiweka ndege hewani uliandikwa saa 4 na dakika 22. Tarakimu mbili zilezile. Hakukuwa na tahadhari, uwanja mbadala wala akiba ya mwisho. Ofisa mmoja wa uwanja alieleza baadaye kwamba alihoji jambo hilo, lakini ndege iliondoka.

Karibu na Medellín ndege ikaambiwa isubiri zamu kwa sababu nyingine ilikuwa na tatizo mbele yake. Injini zikazima moja baada ya nyingine. Ndege ikaanguka mlimani. Kati ya watu 77 waliokuwemo walikufa 71. Rubani aliyekuwa akiiendesha alikuwa pia mmoja wa wenye kampuni.

Jambo hilo la mwisho ndilo tunalotaka mwekezaji mdogo alitafakari. Rubani yule alikuwa mwekezaji. Kuteremka njiani kujaza mafuta kungemgharimu muda na fedha, na yeye ndiye angelipa. Alipookoa fedha hizo alikuwa akiokoa za kwake. Kilichofuata ni kwamba Bolivia ilisimamisha kampuni hiyo ndani ya siku chache, na madai ya fidia na bima yakaendelea kubishaniwa kwa miaka. Gharama ya kituo kimoja cha mafuta ilizama na kampuni nzima.

Mfano wa pili ni wa New York. Tarehe 25 Januari 1990 ndege ya Avianca, safari namba 52, ilitoka Colombia kwenda uwanja wa Kennedy. Hali ya hewa ilikuwa mbaya, foleni ya angani ikawa ndefu, na ikasubirishwa mara tatu kwa jumla ya dakika 77. Uwanja wake mbadala ulikuwa Boston, lakini ilipofika zamu mafuta ya kwenda Boston yalikuwa yameshaisha katika kusubiri. Marubani waliomba kipaumbele na kusema mafuta yanakwisha, lakini hawakutamka neno rasmi la dharura. Ilijaribu kutua ikashindwa, ikazunguka, na injini zikazima kabla haijarudi uwanjani. Watu 73 kati ya 158 walikufa.

Hapa ndege iliondoka ikiwa na akiba, lakini akiba ikaliwa kidogo kidogo, dakika kwa dakika, bila mtu kusema basi. Ni kama mfanyabiashara anayechota mtaji kwa matumizi ya nyumbani akiamini wiki ijayo atarudisha. Leo kanuni za ICAO zina maneno mawili maalumu kwa ajili ya hali hiyo. La kwanza ni tangazo la mafuta kufikia kiwango cha chini: rubani anawaambia waongoza ndege kwamba sasa ameshaamua uwanja wa kutua, na ucheleweshaji zaidi unaweza kumfanya atue akiwa ameigusa akiba ya mwisho. La pili ni wito wa Mayday wa mafuta, unaotolewa hesabu zinapoonyesha kwamba hata katika uwanja wa karibu unaofaa atatua akiwa na pungufu ya akiba hiyo.

Mfano wa tatu hauna msiba, lakini mfanyabiashara wa mizani atauelewa haraka. Tarehe 23 Julai 1983 ndege ya Air Canada aina ya Boeing 767 ilitakiwa kuwa na kilo 22,300 za mafuta kwa safari ya kwenda Edmonton. Vipimo vya mafuta ndani ya ndege vilikuwa vimeharibika, kwa hiyo kiasi kikakokotolewa kwa mkono. Badala ya kutumia uzito wa lita moja kwa kilo, ambao ni kama 0.8, walitumia uzito wa lita kwa ratili, 1.77. Ndege ikaondoka na chini ya nusu ya mafuta yaliyotakiwa. Injini zote mbili zilizima angani, na kwa ustadi mkubwa rubani aliielea ndege hadi kutua katika uwanja wa zamani wa kijeshi wa Gimli. Hakuna aliyekufa. Kosa la kilo na ratili, ambalo sokoni lingemaliza kwa ugomvi na kurudishiana chenji, lilikaribia kuua watu 69.

Hoja ya upande wa pili

Wenye mashirika nao wasikilizwe, kwa sababu wana hoja. Mafuta huchukua kati ya robo na theluthi ya gharama za shirika la ndege katika miaka mingi. Na mafuta hula mafuta: kwa ndege kubwa za jeti, kila tani ya ziada inayobebwa huchoma kama kilo 30 hadi 40 kwa kila saa ya safari kwa ajili ya kuibeba tu. Rubani anayeongeza tani mbili kila siku bila sababu, kwa ajili ya usingizi wake mwororo, anatupa fedha za wenye hisa.

Vilevile utabiri wa siku hizi ni bora kuliko wa zamani, na mashirika yana kumbukumbu za maelfu ya safari. Kanuni za Ulaya huruhusu tahadhari ishuke hadi asilimia 3 kama kuna uwanja wa kuteremkia njiani wenye masharti yake. ICAO nayo inaruhusu nchi zikubali hesabu tofauti pale ambapo shirika lina takwimu za kuaminika na usimamizi wa kutosha. Hatuna ugomvi na hilo. Takwimu zikionyesha kwamba njia fulani haijawahi kula zaidi ya asilimia 3, na mamlaka ikakagua ikaridhika, basi mteja apewe nafasi ya mzigo wake.

Ugomvi wetu ni na ubanaji wa kimyakimya: rubani kuitwa ofisini kuulizwa kwa nini aliongeza kilo 200, au jina lake kubandikwa ukutani kama mtumiaji mbaya. Tarehe 26 Julai 2012 ndege tatu za Ryanair zilizokuwa zikienda Madrid zilikuta ngurumo na radi, zikaelekea Valencia, na zote tatu zikatangaza dharura ya mafuta. Zilitua salama. Zilikuwa zimeondoka na mafuta yanayokubalika kisheria. Lakini wachunguzi wa Hispania walikosoa sera ya kampuni ya kubana mafuta, wakisema kwamba ingawa ilikuwa ndani ya sheria haikuacha nafasi kwa mambo yasiyotarajiwa.

Kiwango cha sheria ni sakafu. Mwenye nyumba anayelala sakafuni hana kosa, lakini mafuriko yakija yeye ndiye wa kwanza kulowa.

Mzigo ulioachwa kwa sababu nyingine

Sasa tuje kwenye haki ya mfanyabiashara. Lipo fungu jingine la mafuta ambalo halina uhusiano na usalama. Bei ya mafuta ya ndege hutofautiana kati ya uwanja na uwanja. Shirika likiona kwamba mafuta ya bara ni ghali, linaweza kujaza Dar es Salaam mafuta ya kwenda na ya kurudi. Ni biashara halali, kama dereva wa lori anavyojaza mahali penye bei nafuu.

Lakini kama mafuta hayo ya kurudia ndiyo yaliyosukuma katoni zako nje, basi shirika limechagua faida yake juu ya mkataba wako. Hapo jibu la «hali ya hewa» si la kweli. Tunapendekeza kwamba msafirishaji mkubwa wa mizigo aandike kwenye mkataba wake sharti moja: mzigo ukiachwa kwa sababu ya mafuta, shirika lieleze kwa maandishi kama ni mafuta ya uwanja mbadala na akiba, au ni mafuta ya kurudia. La kwanza mteja avumilie. La pili alipwe.

Nasi wafanyabiashara tujitazame. Ni jambo linalojulikana kwamba wapo wanaoandika kilo 50 kwenye furushi la kilo 80, kama vile lumbesa ya shambani imehamia angani. Wanadhani wanamkwepa karani wa mizigo tu. Ukweli ni kwamba ndege nzito huchoma mafuta zaidi ya yale yaliyokokotolewa, na inayochomwa ni ile tahadhari, na baada ya tahadhari ni akiba. Katika ndege ndogo za kukodi, ambazo mizigo wakati mwingine hupimwa kwa jicho, udanganyifu wa mafurushi kumi unatosha kuharibu hesabu yote ya rubani.

Mwenye hisa atazame nini

Watu wetu wengi wamejifunza hisa kupitia mashirika ya ndege. Kenya Airways iliuza hisa zake kwa umma mwaka 1996, na Precision Air ikafanya hivyo katika soko la Dar es Salaam mwaka 2011. Kwa hiyo swali la mafuta si la marubani peke yao. Linafika hadi kwenye gawio.

Taarifa ya mwaka inapojisifu kwamba gharama za mafuta zimepungua, mwanahisa aulize zimepunguaje. Zipo njia njema: ndege mpya zenye injini zinazokula kidogo, njia zilizonyooshwa, viti vilivyojaa, mizigo isiyo ya lazima iliyoondolewa. Zipo njia za kubahatisha, kama mikataba ya kufunga bei mapema. Kenya Airways iliingia hasara katika mwaka wa fedha ulioishia Machi 2009, na sehemu kubwa ya hasara hiyo ilitokana na mikataba ya namna hiyo baada ya bei ya mafuta duniani kuporomoka. Hasara ya mikataba inauma, lakini haimuui mtu na mwaka unaofuata inaweza kurekebishwa.

Ipo njia ya tatu, ambayo haiandikwi kwenye taarifa yoyote: kubana mafungu. Akiba iliyobanwa haionekani kwenye hesabu za kampuni mpaka siku inapohitajika. Ndiyo maana mwanahisa aulize kwenye mkutano mkuu: je, rubani mkuu wa safari ana neno la mwisho juu ya mafuta? Je, amewahi kuadhibiwa mtu kwa kuongeza? Ni safari ngapi mwaka huu zimetangaza kiwango cha chini cha mafuta? Mkurugenzi anayejibu maswali hayo bila kukunja uso anastahili fedha zako.

Kwa anayekodi ndege ndogo, awe anapeleka wageni mbugani au bidhaa mnadani, maswali ni manne. Kampuni ina cheti cha uendeshaji kinachotambuliwa na mamlaka ya anga ya nchi? Uwanja mbadala wa leo ni upi, na kama tutafika usiku, uwanja huo una taa? Mizigo imepimwa kwenye mizani na nani ameandika? Bima inafika mpaka nchi tunayokwenda? Kampuni inayoudhika kwa kuulizwa maswali hayo iache iende zake, hata kama bei yake ni nafuu kwa theluthi nzima.

Waswahili walisema akiba haiozi. Katika biashara ya anga akiba inaonekana kama inaoza kila siku, kwa sababu safari nyingi huisha bila kuitumia, na mwenye hesabu anaona kilo 815 zilizokwenda Mwanza bure. Hazikwenda bure. Zilinunua nafasi ya kushindwa kutua mara moja na bado kufika salama. Katoni zako zitapanda ndege ya kesho. Msimu huu wa mvua, karani akikwambia kwamba mafuta yamechukua nafasi ya mzigo, muulize ni mafuta ya fungu gani. Akikujibu ni ya uwanja mbadala, mshukuru na uongeze barafu.